Mgonjwa wa Huntington nyumbani, muangalieni na moyo wake

Jamani watu wa Lamu, mkiwa na mgonjwa wa Huntington, ule ugonjwa wa ubongo wa kurithi, nyumbani msiangalie ile mikono inayorukaruka tu, moyo nao unaumia, manake huu ugonjwa unaharibu ubongo wenyewe kwa hivyo dipresheni, ile huzuni nzito isiyoisha, na hasira za ghafla ni ugonjwa sio tabia mbaya wala jini. Akipiga meza usibishane, zima redio, muulize swali moja fupi, "chai ama maji?", kisha ngoja, ngoja kweli, jibu huchelewa. Asubuhi mtembezeni uwanja wa Mkunguni kabla watu hawajajaa, saa ileile kila siku. Mkienda hospitali ya King Fahd msisahau kutaja usingizi na huzuni, na kama anatumia tetrabenazini, ile dawa ya kutuliza kurukaruka kwa mwili, yaweza kuzidisha dipresheni, mwambieni daktari upesi ila msiikate wenyewe. Akisema amechoka kuishi muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpi wazo hilo, msimwache peke yake, ondoeni dawa na visu karibu, hospitali siku hiyohiyo. Watoto wake nao, kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi ugonjwa huu, wana hofu yao, kaeni nao muwasikize.