Imeili moja, habari moja: jinsi ya kufanya waandishi waiandike gemu yako

Gemu yangu ya kwanza nilituma imeili kwa waandishi kama sitini hivi, siku ileile inatoka, anwani zote nimezijaza kwenye BCC, ile sehemu ya kuficha wapokeaji, "Habari, tunayo furaha kuwatangazia…", afu nikakaa nasubiri. Hakujibu hata mmoja. Nilikasirika sana, nikawa nasema hawa watu wanapenda makampuni makubwa tu, mpaka siku moja jamaa anayeandika habari za gemu akanionyesha inboksi yake. Alikuwa ametoka kula mchana tu na tayari kulikuwa na imeili mpya arobaini na kitu, nyingi vichwa vyake vinafanana, "gemu mpya imetoka", "gemu yetu iko tayari", na yeye anashusha anafuta, anashusha anafuta, wala hafungui. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anatafuta kitu cha kuandika kabla ya jioni na hakuna aliyempa.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote jiulize habari yenyewe ni ipi. Gemu kutoka si habari, kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, peke yake zinatoka zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Habari ni kile kitu ambacho mwandishi akikisoma anaona kichwa cha makala hapohapo bila kukuuliza swali.

Gemu yangu ya pili ilikuwa ya mlinzi wa mnara wa taa. Kichwa cha imeili nilichoandika kwanza: "Tunatangaza gemu yetu mpya ya kusisimua ya mkakati yenye hadithi nzito". Rafiki yangu akasoma akaniambia hayo maneno unaweza kuyabandika kwenye gemu yoyote na yakakaa. Iliniuma ila alikuwa sahihi. Tukakaa nayo jioni nzima, ikatoka hivi: "Taa moja, meli tatu, unaokoa ipi? Demo ipo", demo ni kipande cha gemu cha kujaribu bure. Na ndani nikaanza na jina la mwandishi, afu sentensi mbili: wewe ni mlinzi wa mnara, taa yako inamulika upande mmoja tu, kila usiku zinakuja meli tatu na asubuhi unasoma majina ya waliozama. Chini yake gifu moja, yaani picha inayojongea, ya sekunde tano, taa inageuka na ile meli iliyoachwa gizani inagonga mwamba. Afu tarehe ya kutoka, itachezwa kwenye nini, linki ya Steam, trela, preskiti (nitaieleza chini), na kii, yaani ile namba ya kufungulia gemu, nimeshaiweka palepale. Jina langu. Basi. Nilituma ishirini na tano tu, kila mmoja na yake, wanne wakajibu na wawili wakaandika, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake hiyo ni nyingi sana aisee.

Hiyo ya kuweka kii moja kwa moja watu wengi wanaiogopa. Mwandishi unayemjua anaandika wapi, mpe, usimfanye aombe, maana akishaomba anatakiwa asubiri wewe ujibu na akisubiri ameshahamia gemu nyingine.

Sasa hao ishirini na tano unawapata wapi? Chukua gemu tatu zinazofanana na yako, za watengenezaji wadogo kama wewe, usichukue zile zilizovunja rekodi, afu tafuta nani aliziandika. Jina lipo juu ya makala, na mara nyingi ukilibonyeza unakuta kurasa yake na namna ya kumpata. Soma kweli alichoandika. Tovuti ya Rock Paper Shotgun wamejikita kwenye PC, yaani kompyuta, Nintendo Life jina linajieleza, Pocket Gamer ni gemu za simu, sasa ukimtumia mtu wa simu gemu ya PC umempotezea muda na safari ijayo atakukumbuka kwa hilo. Tovuti ndogo na podikasti usizidharau kabisa, hao ndo wana nafasi ya kukusikiliza, na waandishi wakubwa nao wanazisoma.

Preskiti ni kurasa moja yenye kila kitu: gemu inahusu nini kwa ufupi na kwa urefu, tarehe, bei, nani katengeneza, trela, logo, skrinishoti na imeili yako. Rami Ismail, wa iliyokuwa studio ya gemu ya Vlambeer, alitengeneza kifaa cha bure kinaitwa presskit() ambacho watengenezaji wengi wamekitumia, ila hata folda ya Google Drive iliyopangwa vizuri inatosha, cha msingi ifunguke bila kuomba ruhusa (jaribu kuifungua kwenye simu ya mtu mwingine, nakuomba, nimeona watu wamepoteza makala kwa hili). Usiatachi mafaili makubwa kwenye imeili. Skrinishoti weka za ukubwa kamili, 1920 kwa 1080, bila logo juu yake, na zionyeshe mtu anacheza. Menyu haimvutii mtu.

Muda nao. Steam wanataka kurasa yako ya "inakuja" ikae hewani angalau wiki mbili kabla ya gemu kutoka, lakini wewe iweke miezi mingi kabla, maana makala ikitoka na msomaji hana pa kubonyeza wishlist, yaani kuiweka gemu kwenye orodha yake ya anazozitaka, hiyo makala imepita bure. Kuna Steam Next Fest, inafanyika Februari, Juni na Oktoba, wiki nzima ya demo, na gemu moja inaruhusiwa kushiriki mara moja tu, kwa hiyo usiingie na demo mbichi. Waandishi wengi wiki ile wanatafuta demo za kupendekeza, sasa watumie wiki moja au mbili kabla, ukisubiri mpaka ianze utakuwa umechelewa. Kwa ajili ya rivyuu toa kii wiki mbili tatu kabla ya gemu kutoka, na kama kuna embago, yaani muda ambao kabla yake hawaruhusiwi kuchapisha, andika siku, saa na ni saa za wapi, mfano saa kumi jioni UTC (saa ya kimataifa), maana "tarehe 14" pekee kila mtu ataielewa kwa saa za kwake.

Wastrima, wale wanaocheza gemu mubashara mtandaoni, na wayutyuba ni hivyohivyo, ila wao wanataka kujua kitu kimoja: hii inatazamika? Waonyeshe sekunde ambayo mtu atapiga kelele. Among Us ilitoka 2018 na watu wengi hawakuijua mpaka wastrima walipoishika 2020, kwa hiyo gemu yako ikishatoka bado ina nafasi, ukiweka apdeti kubwa una habari mpya ya kutuma.

Hapa nawaomba muwe makini. Siku gemu inatoka utapokea imeili kibao za watu wanajiita wayutyuba wakubwa, wanaomba kii tano. Mimi nilipata moja yenye jina la chaneli ninayoipenda, picha yake, kila kitu, ila kwenye anwani kulikuwa na herufi moja imezidi. Nikaenda kwenye chaneli yenyewe, nikachukua imeili iliyoandikwa pale, nikawauliza, hawakuwa wao. Kii zinaishia kuuzwa. Na anayejiita kureta wa Steam, yaani mtu anayependekeza gemu kwa wengine ndani ya Steam, mtumie gemu kupitia Curator Connect ndani ya Steam, kii kwa imeili usimpe.

Usipojibiwa, kumbusha mara moja, baada ya wiki hivi, na uwe na kitu kipya mkononi, trela au tarehe. Ukikaa kimya baada ya hapo hujashindwa, umemwachia mlango kwa gemu ijayo. Na makala ikitoka ina kosa la jina au bei, mwambie kwa upole atarekebisha, lakini kama hajaipenda gemu usibishane naye, msome vizuri, mshukuru kwa muda wake, afu jina lake liandike kwenye lahajedwali yako pamoja na alichokipenda na alichokilalamikia.