Kupanga Ratiba ya Matengenezo kwa Kuzingatia Hatari kwenye Majukwaa ya Mafuta Baharini

Kwenye jukwaa la baharini vitanda vya mafundi ni vichache, helikopta huzuiwa na hali ya hewa, na baadhi ya kazi haziwezekani mpaka uzalishaji usimamishwe. Ratiba inayokipa kila kifaa uzito sawa haifai hapo.

Hatua ya kwanza: orodhesha vifaa na kazi ya kila kimoja, kisha ujiulize kazi hiyo ikikoma nani ataumia, nini kitamwagika baharini na uzalishaji utapungua kiasi gani. Pampu mbili za aina moja huweza kuwekwa katika madaraja tofauti ya hatari ikiwa moja ina pampu ya akiba na nyingine haina.

Hatua ya pili: kadiria uwezekano wa hitilafu kwa kutumia kumbukumbu za matengenezo, vipimo vya kutu na vya mtetemo. (Kumbukumbu iliyoandikwa “imerekebishwa” tu haina msaada.)

Hatua ya tatu: chagua kazi na muda wake. Beringi (sehemu inayoshikilia mhimili unaozunguka) hutoa ishara kabla ya kuharibika, kwa hiyo ipimwe kwa vipindi vifupi kuliko muda ulio kati ya ishara na uharibifu wenyewe. Vali ya kufunga kwa dharura ni tofauti: hukaa wazi miezi mingi, na ikikwama hakuna atakayejua mpaka ijaribiwe au ihitajike. Tuchukue mfano wa hitilafu 0.02 kwa mwaka: vali ikijaribiwa kila miezi 12, wastani wa uwezekano wa kuikuta imekwama ni takriban 0.01, ikijaribiwa kila miezi 24, uwezekano huo huwa maradufu.

Hatua ya nne: linganisha ratiba na vibali vya kazi (ruhusa za maandishi za kufanya kazi fulani kwenye kifaa), kwa maana kifaa kilichofunguliwa nusu ni hatari mpya. Kwenye Piper Alpha, jukwaa la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa iliwashwa na zamu isiyojua hivyo, na watu 167 wakafa.

Swali: Dhoruba ikichelewesha jaribio, je, tusogeze tarehe tu?
Jibu: Hapana. Kadirieni upya hatari ya kipindi kilichoongezeka, wekeni kinga ya muda, na mwenye mamlaka aidhinishe kwa maandishi.

Swali: Kifaa kipya hakina kumbukumbu. Tuanzie wapi?
Jibu: Tumieni takwimu za vifaa vya aina hiyo, anzeni na vipindi vifupi vya majaribio, kisha mvirefushe matokeo yakiruhusu. Msikifungue bila sababu, kwa kuwa hitilafu nyingi huingia wakati wa kufungua na kufunga.