Jinsi ya Kupima Ulinganifu wa Vitu Viwili

Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga, na jioni hutafsiri matini za sayansi kwa Kiswahili. Katika kazi zote mbili hukutana na neno "sawa" likitumika kabla ya kupimwa, na makosa mengi ninayosahihisha huanzia hapo. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya kwanza: taja kipimo. Usiandike kwamba kitu kinalingana na kingine kabla hujasema vinalingana kwa lipi. Kilo 5 za mchele na kilo 5 za maharage hulingana kwa uzito, si kwa bei wala kwa muda wa kuiva. Vivyo hivyo, 1/2 na 2/4 hulingana kwa thamani, ingawa mkate uliokatwa vipande viwili haufanani na uliokatwa vinne.

Hatua ya pili: jaribu masharti mawili mepesi. Kila kitu sharti kilingane na nafsi yake, na A ikilingana na B, basi B nayo ilingane na A. Uhusiano kama "ni kubwa kuliko" huanguka papo hapo.

Hatua ya tatu: jaribu kuvuka, na hapa usifanye haraka. Ikiwa A inalingana na B, na B inalingana na C, je, A inalingana na C? Katika hisabati jibu sharti liwe ndiyo, la sivyo huo si ulinganifu. Katika lugha mnyororo huu hukatika mara kwa mara. Mpunga kwa Kiingereza ni "rice", na "rice" kwa Kiswahili ni wali, lakini hakuna mwenyeji wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, atakayempakulia mgeni mpunga. Kwa sababu hiyo napima tafsiri kwa sentensi nzima na muktadha wake, wala sitafsiri kutoka katika tafsiri ikiwa matini asilia ipo.

Sayansi nayo hailipati sharti hili bure. Kipimajoto hutufaa kwa sababu vitu viwili vilivyo katika msawazo wa joto (yaani joto halihami kati yao) na kitu cha tatu huwa katika msawazo huo vyenyewe kwa vyenyewe, jambo ambalo wanafizikia wameliita kanuni ya sifuri ya themodinamiki. Vipimo vya mkono ni tofauti. Fundi akikata kila ubao kwa kuulinganisha na uliotangulia, huku akizidisha milimita 1 tu isiyoonekana kwa jicho, ubao wa 11 utauzidi wa kwanza kwa sentimita 1 nzima; kwa hiyo apime mbao zote kwa ule wa kwanza.

Hatua ya nne: panga makundi. Masharti yote matatu yakitimia, kila kitu huangukia katika kundi moja, wala hakiwi katika mawili. Namba 1, 13 na 25 zikigawanywa kwa 12 huacha baki 1, hivyo kwenye uso wa saa ni kundi moja. Wanafunzi wangu hufurahia kuthibitisha kwamba ukiongeza 6 kwenye saa ya Kiswahili unapata ya Kiingereza, na ukiongeza 6 tena unarudi ulikoanzia, kwa kuwa 12 na 0 ziko katika kundi moja.