Kufunga mapazia, rafu na taa kwenye kuta za trela la kulala

Ukuta wa trela la kulala haubebi kitu. Kinachobeba ni fremu iliyofichwa ndani yake. Fundi aliyezoea nyumba za tofali za Tabora akija na drili ya kugonga, plastiki za ukutani na skrubu za inchi mbili, skrubu zake zitatokeza nje kabla hujamletea chai. Iwe ni trela la kambi ya ujenzi au karavani ya mtumba, anza kwa kujua ukuta wako umejengwaje.

Aina ni mbili. Ya kwanza ina papi za mbao, yaani nguzo nyembamba za fremu, zenye bati la alumini kwa nje, pamba ya kuzuia joto katikati na plaiwudi ya mm 3 kwa ndani. Plaiwudi hiyo huvikwa karatasi yenye maua au nailoni ngumu, kwa hiyo huonekana imara kuliko ilivyo. Ya pili ni ukuta wa kugandishwa: faiba kwa nje, povu jeupe katikati, plaiwudi nyembamba ndani, vyote vimegandishwa pamoja na bomba za alumini za mraba zinazofanya kazi ya papi. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ule wa papi unalia wazi, kisha sauti inakuwa nzito ukifika penye mbao. Wa kugandishwa unalia butu kote.

Unene usiukisie. Fungua skrubu za fremu ya ndani ya dirisha, uivute kidogo, na utaona tabaka zote za ukuta kwenye ukingo wa tundu. Weka rula hapo. Kuta nyingi zina mm 38 hadi 50. Skrubu yako ikishapita kwenye chuma cha kushikilia, ncha yake ibaki angalau mm 10 kabla ya ngozi ya nje. Kwa ukuta wa mm 42, skrubu namba 8 ya mm 25 inatosha kabisa: mm 2 zinaishia kwenye chuma, 3 kwenye plaiwudi, na 20 zinauma mbao. Ya mm 45 inatoboa bati. Huenda usione kitu siku hiyo, lakini mvua za Novemba zikianza maji yatapita kwenye kijitundu hicho, yashuke ndani ya ukuta na kuozesha papi za chini.

Kutafuta papi, tumia sumaku ndogo iliyofungwa uzi. Ipitishe polepole ukutani. Itavutwa na vichwa vya pini au misumari iliyoshika plaiwudi. Weka alama ya penseli kila inaponasa, na alama zikijipanga wima umepata papi. Alumini yenyewe haivuti sumaku, ila skrubu za chuma zilizoifunga zinavuta. Usitegemee kwamba papi zinapishana sentimita 40 kila mahali. Karibu na madirisha na makabati, kiwanda huziweka panapohitajika tu.

Kabla ya kutoboa, zima umeme wa nje na utoe waya hasi wa betri. Vyote viwili. Testa ya kalamu inayowaka karibu na waya wa volti 230 haitambui kabisa nyaya za volti 12 za betri, na hizo ndizo zimejaa ukutani, zikienda kwenye taa, pampu na feni. Mara nyingi hupita juu ya madirisha, pale pale unapotaka kuweka pazia. Skrubu ikigusa waya ambao fyuzi yake imebadilishwa na kipande cha waya, moto unaanzia ndani ya ukuta ambako huuoni.

Kazi yenyewe ni rahisi. Funga seloteipu kwenye biti ya mm 2.5 au 3, umbali wa mm 20 kutoka nchani, iwe alama ya kusimama. Toboa kwa mwendo mdogo, bila kugonga. Skrubu za mwisho zikaze kwa bisibisi ya mkono, maana drili hula uzi wa mbao laini, na skrubu ikishaanza kuzunguka bure haishiki tena. Kwenye bomba la alumini tumia skrubu za kujitoboa zenye meno ya karibu, au ribiti kama kitu hicho hakitaondolewa.

Shida huja pale papi isipokuwepo unapoitaka, na kwa pazia ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Dawa yake ni ubao wa kubebea. Kata plaiwudi ya mm 12, upana sentimita 8, urefu wa kufikia papi mbili zilizo nje ya kingo za dirisha. Kwangua karatasi ya ukuta mahali ubao utakapokaa, kwa sababu gundi hushika karatasi na karatasi ndiyo hubanduka. Futa kwa spiriti, paka gundi ya ujenzi, kisha funga skrubu kwenye papi tu, mbili kila moja. Hapa mm 25 haitoshi tena kwa kuwa ubao umekula mm 12. Chukua mm 35. Acha siku nzima ikauke. Baada ya hapo vishikio vya pazia utavifunga popote kwenye ubao kwa skrubu za mm 12.

Fundi seremala wa Tabora au Kigoma atakushauri utumie mninga. Ni mbao nzuri, lakini hapa ni mzigo wa bure: ni mzito, hupasuka usipotobolewa kwanza, na nguvu yake haisaidii ukuta wenye papi laini nyuma yake.

Mabomba ya mapazia ya nyumbani, yale ya chuma yenye vichwa vya urembo, yaache dukani. Tumia reli nyepesi ya alumini au waya wa springi. Weka waya wa pili chini ya pazia pia, hasa ukuta wa mbele ulioinama, la sivyo pazia litaning'inia mbali na dirisha na kupigapiga njia nzima. Kwa dirisha la sentimita 120 weka vishikio vitatu, si viwili. Usiangalie pima maji, kwani trela lenyewe halijasimama sawa. Pima kutoka ukingo wa juu wa dirisha. Karibu na jiko la gesi usiweke kitambaa chochote. Dirisha hilo lifunikwe kwa pazia la vipande vya alumini au libaki wazi.

Gundi za kubandika za pande mbili hushika vizuri asubuhi. Trela likishinda juani mwezi wa Oktoba, zinalainika na kioo cha kujitazamia kinashuka. Kioo chenyewe kiwe cha plastiki. Rafu isimame juu ya kabati au ifike sakafuni ili uzito uende chini, ukuta uizuie tu isianguke mbele, na iwe na kizuizi cha sentimita 4 ukingoni. Runinga ifungwe kwenye papi mbili, nayo ishushwe ilazwe kitandani kabla ya safari.

Taa mpya ziwe za LED. Pale waya unapopita kwenye bati au alumini weka kola ya mpira. Bila hiyo mtikisiko wa barabara ya changarawe utakata ganda lake kidogo kidogo.

Baada ya kilomita 50 za kwanza za vumbi, simama ukaze skrubu zote. Iliyolegea usiibadilishe kwa ndefu zaidi. Itoe, jaza tundu kwa vijiti vya kiberiti vilivyochovywa gundi ya mbao, vikate sawa na ukuta, subiri vikauke, kisha rudisha skrubu ile ile. Kama ncha ilishatokeza nje, toa skrubu, kausha tundu, ziba kwa silikoni ya nje pande zote mbili, na usogeze kishikio sentimita 5 pembeni.