Somo: Notsi za masafa zisomeke hata na asiyeona

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kwa masafa nilipiga notsi picha kwa simu, nikazifanya PDF, nikapandisha. Mwanafunzi mmoja asiyeona akanipigia: "Mwalimu, faili lako ni bubu." Kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, husoma herufi, na mimi nilimpelekea picha za herufi. Ndiyo maana naanzia kwenye faili.

Hatua ya 1. Chapa notsi kwenye Word. Kichwa cha mada usikikoleze tu wino, kipe mtindo wa Heading 1 au Heading 2. Anayetumia NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, akiwa kwenye hali ya kuvinjari (browse mode) akibonyeza H anaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila hivyo atasikiliza kurasa zote ndipo aifikie mada ya tatu.

Hatua ya 2. Hapa wengi tunateleza. Faili la Kiswahili likiachwa kwenye lugha ya Kiingereza, sauti inaweza kulisoma kwa matamshi ya Kiingereza, na "mimea" ikatoka neno usilolijua. Teua maandishi yote, ingia Review, kisha Language, weka Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ipo, ya eSpeak, programu ya kusoma maandishi kwa sauti inayokuja na NVDA. Ni kavu kama redio yenye betri zinazokata roho, lakini inaeleweka. Aya ya Kiingereza iliyomo ndani uipe lugha yake.

Hatua ya 3. Mchoro uandikie maelezo. "Mchoro wa moyo" haitoshi. Sema damu inaingilia wapi na kutokea wapi.

Hatua ya 4. Kijivu juu ya nyeupe humtesa mwenye uoni hafifu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya mtandaoni yafikiwe na wenye ulemavu, inataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Hatua ya 5. Kwenye jaribio, Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, hukuruhusu kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine.

Maswali ya walimu

*Mwalimu, shikamoo. Nina kurasa 200 za kuskani. Nichape upya zote?*
Marahaba. Hapana. Zigawe mafaili madogo madogo, pandisha Google Drive, ufungue kwa Google Docs, itakutolea maandishi. Majedwali yatavurugika, hayo yarekebishe kwa mkono. Anza na wiki ya kwanza ya kozi.

*Video zangu nimeziwekea maandishi chini. Viziwi si wametosheka?*
Baadhi, ndugu yangu. Kwa kiziwi aliyekua na lugha ya alama, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili. Ukipata mkalimani, mweke kwenye kona ya video. Na awe wa hapa: Lugha ya Alama ya Tanzania si ile ya Kenya.

*Mwanafunzi wangu asiyeona hana kompyuta, ana simu tu, na bando la kuungaunga.*
Basi video iweke pia kama faili la sauti. TalkBack, kisoma skrini cha simu, imo kwenye simu nyingi za Android. Iwashe kwenye simu yako, fumba macho, fungua notsi zako mwenyewe. Ila kwanza jifunze kuizima, dada. Mimi nilihangaika nusu saa.