Somo: Zuia mvua isipeleke mbolea yako ziwani na kisimani

Wenzangu mnaolima miteremko ya Kanda ya Ziwa, mvua kubwa ikinyesha tazameni maji yanayotoka shambani. Yakiwa mekundu, fosforasi ya mbolea yako inaondoka, maana imeshikamana na udongo. Naitrojeni, kirutubisho kingine cha mbolea, huyeyuka, na nyingine huzama hadi kwenye maji ya visima. Zikifika Ziwa Victoria hulisha mwani na magugumaji, yale yaliyoziba mialo yetu miaka ya 1990.

1. Pima kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, ambao mtaro utaufuata. Funga fito mbili za mita 2 ziwe umbo la A, weka mti wa kukatiza, ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Weka alama uzi unapogusa mti, kisha igeuze A, kila mguu ukae palipokuwa na mwenzake, na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea na A hiyo ukikatiza mteremko, ukipigilia kigingi kila mguu unapotua uzi ukiwa katikati. Tafadhali usikisie kwa macho: mtaro ukiinama, maji hukusanyika sehemu moja, hupasua tuta na kuchimba korongo.

2. Chimba fanya juu. Mtaro upana sentimita 60, kina 60, udongo utupwe upande wa juu. Juu ya tuta panda mabingobingo, ng'ombe watakula.

3. Mbolea. DAP ifukie shimoni wakati wa kupanda. Urea ya kukuzia igawe mara mbili, uifukie, na usiweke mvua kubwa ikinukia. Samadi ifunikwe, mbali na njia ya maji.

4. Kando ya mto na ziwa acha uoto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataja mita 60.

MASWALI

*Nina nusu eka tu, mitaro si itaimaliza?*
Basi panda mstari wa nyasi za vetiva kwenye kontua. Hula nafasi ndogo na mizizi yake huenda chini sana.

*Udongo wangu ni mfinyanzi, maji yanatuama.*
Hapo tu ndipo uinamishe mtaro, tena kidogo sana, maji yatokee kwenye mkondo uliooteshwa nyasi.

*Kisima chetu kiko chini ya shamba. Tukichemsha maji inatosha?*
Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati, yaani ile naitrojeni iliyoyeyuka na kuzama kisimani, haiondoki. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayedhurika zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Peleka sampuli maabara ya maji, na kabla majibu hayajatoka, maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya kwingine.