Puta za kifuniko: zipime kwa tepu, zirushe taratibu

Mimi ni fundi cherehani. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mbili: vidole vyangu ni vifupi, na mchana kutwa nina tepu ya kupimia shingoni. Vidole na tepu vimenifundisha mengi kuhusu puta kubwa za gofu ya diski kuliko mashauri yote niliyopewa uwanjani. Namaanisha zile pana tunazoziita vifuniko, kwa kuwa ukiiweka moja juu ya sufuria hakuna atakayeshtuka.

Kwa aliye mgeni, gofu ya diski huhesabiwa kama gofu ya mpira mdogo: unarusha, unaifuata diski ilipoangukia, unarusha tena, mpaka iingie kwenye kikapu chenye minyororo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Puta ni diski ya mirusho ya karibu. Ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 21 na ushei. Kifuniko kinaanzia kama 22 na kinaweza kufika 27 na zaidi. Mgongo wake mpana, ukingo wake mwembamba, na pembeni ni butu, hakijachongoka.

Wala si uzushi wa juzi. Mchezo huu ulianza na diski za aina hiyohiyo. Ed Headrick, aliyeiboresha Frisbee, ile sahani ya plastiki ya kurushiana, alipokuwa kampuni ya Wham-O, ndiye aliyesimamisha uwanja wa Oak Grove kule California mwaka 1975, na mwaka 1977 akapewa hataza ya kikapu cha minyororo. Diski zenye ukingo uliochongwa zilikuja baadaye, kampuni ya Innova ilipotoa diski ya Eagle mwaka 1983. Kwa hiyo anayekucheka kwa kubeba kifuniko anawacheka wazee wa mchezo wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Uzito huandikwa chini ya diski, kipenyo mara nyingi hakiandikwi. Chukua tepu ya fundi, izungushe pembeni pale palipo papana zaidi, kama unavyompima mtu kiuno, kisha gawanya kwa 3.14. Angalia tepu isiteleze kwenda chini ya ukingo, maana utajipunja nusu sentimita bila kujua. Ukipata sentimita 66.6, umeshika puta ya 21.2, ya kawaida kabisa. Ukipata 75.4, hiyo ni 24. Ukipata 85.8, umeshika 27.3, kipenyo cha Ultra-Star ya kampuni ya Discraft, ile ya gramu 175 wanayorushiana wachezaji wa ultimate, mchezo wa diski wa timu.

Kwa nini nang'ang'ania kipenyo? Siku moja nilikata miduara miwili kwenye karatasi ya kukatia mitindo, mmoja wa 21.2 na mwingine wa 27.3, nikauweka mdogo juu ya mkubwa. Kwa macho, ukanda uliobaki pembeni ulikuwa mwembamba, sentimita tatu tu kila upande. Lakini ukipiga hesabu ya eneo, mkubwa umezidi kwa karibu theluthi mbili. Na uzito ni uleule, gramu 175 kwa 175. Kwa hiyo una kitambaa kingi zaidi kwa uzito ule mmoja, na kila aliyevaa sketi pana ya kitambaa chepesi siku ya upepo anajua kinachofuata. Diski inaelea, inakawia hewani, inashuka polepole. Hilo ndilo zuri lake, na ndilo baya lake pia.

Jambo la pili ni kwamba uzito wa diski pana umekaa mbali zaidi na kitovu. Ni vigumu kuianzisha kuzunguka, lakini ikishazunguka haiyumbi ovyo. Kumbuka hili, nitalirudia kwenye kurusha.

Kuhusu sheria sina mengi. PDGA, chama kinachosimamia mchezo, kinaruhusu kipenyo kuanzia sentimita 21 hadi 40, na uzito usiozidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ila usivuke gramu 200 hata diski iwe pana namna gani. Puta ya 21.2 inaishia kama gramu 176. Ukifika sentimita 24 na kidogo tayari umegonga dari ya 200, na kuanzia hapo kila unachoongeza ni upana mtupu. Kama utacheza mashindano, angalia kwanza jina la diski kwenye orodha ya zilizoidhinishwa, maana si kila sahani inayoruka ni ya gofu.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni mkono wako. Ishike diski mgongo ukiwa juu. Kidole gumba kikae juu, sentimita mbili au tatu kutoka pembeni. Kidole cha shahada kilale kwenye ukingo kwa nje. Vitatu vilivyobaki vitandaze chini kama mbavu za feni. Sasa inyooshe mbele na uitikise kwa kiwiko na kifundo, mara ishirini, bila kurusha. Tazama pua, yaani ule upande unaotangulia. Ukiona imeanza kuinama, au msuli wa mkono wa mbele umekaza kama unayekamua nguo, diski hiyo ni kubwa mno kwako, hata ikimpendeza jirani yako namna gani. Mimi ya 27.3 ilinishinda kwenye tikisa ya kumi na mbili. Nikashuka hadi 23 na kitu, nikatulia hapo.

Pitisha pia kidole chini ya ukingo. Baadhi ya puta zina mkunjo mdogo unaozunguka, unaoitwa shanga. Kwenye puta ndogo napenda shanga, kwenye kifuniko siipendi: ukingo wenyewe ni mwembamba, na shanga inavisukuma vidole vyangu vifupi nje. Mwenye vidole virefu atasema vingine, na atakuwa na haki.

Plastiki nachagua laini, ile ya bei ya chini inayokamata mkono. Ngumu na yenye kung'aa hudumu zaidi, lakini huteleza, na kifuniko kikiteleza kinatoka mkononi pua ikiwa juu. Ukikuta mshono wa plastiki umebaki pembeni kutoka kiwandani, usugue kidogo kwa msasa laini. Sheria inaruhusu kulainisha kasoro za kiwandani na mikwaruzo, mradi usiibadilishe inavyoruka. Mimi mshono uliochomoza unaninyima usingizi, lakini huo ni ugonjwa wa kazi.

Mrusho wangu wa kwanza wa kifuniko ulikuwa aibu. Kikapu kilikuwa mita kama 50, nikakimbia hatua tatu na kuvuta kwa nguvu zote, kama nilivyozoea kwa diski nyembamba za mbali. Ilitoka imenyooka, ikalala upande wa kulia, ikaendelea kulala mpaka ikasimama wima na kubingirika kama gurudumu kuteremka bonde. Niliifuata kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimecheza siku hiyo.

Kilichotokea kina sababu. Ukirusha kwa mkono wa kulia, mgongo wa mkono ukitangulia, diski inazunguka kufuata saa. Ikienda kasi kuliko ilivyoundiwa, hewa inainyanyua zaidi nyuma ya kitovu kuliko mbele, na kwa kuwa inazunguka, msukumo huo hautokei puani bali unaigeuza ubavu, kwenda kulia. Ikipungua kasi, mnyanyuko unahamia mbele, nayo inarudi kushoto. Diski iliyochongwa hustahimili kasi kubwa kabla ya kugeuka. Kifuniko hakistahimili. Ukikirusha kwa mkono wa kushoto, badili kulia na kushoto katika kila nitakachosema.

Basi somo lote la kurusha kifuniko ni hili: punguza mkono, ongeza mzunguko. Na mzunguko hautoki begani, unatoka kwenye kifundo. Nimesema diski pana ni ngumu kuianzisha, ndiyo maana wengi wakipunguza nguvu wanapunguza na mzunguko, ikatoka ikitetemeka. Fanya hivi: simama bila kukimbia, ubavu ukielekea kikapu. Ilete diski mbele ya kifua, kifundo ukikunje kuelekea kwako mpaka vidole vitazame tumbo. Kiwiko kitangulie. Mkono ukinyooka, kifundo kifunguke mwishoni kabisa, kwa ghafla, kama unavyokung'uta kitambaa ili mkunjo utoke. Ukisikia kidole cha shahada kimechomwa kidogo na ukingo, umefanya sawa. Usiposikia kitu, umeisukuma tu.

Pua iwe chini kidogo. Hapa ndipo vifuniko hutofautiana kabisa na puta ndogo. Puta ndogo ikitoka pua juu kidogo, itasamehe. Kifuniko kitapanda, kitasimama hewani, na kitakurudia miguuni. Ninachofanya ni kukibonyeza kwa gumba, kama ninavyobonyeza kitambaa chini ya mguu wa cherehani, na kuuangalia mgongo wa diski kabla ya kurusha: nikiuona wote kama sahani mezani, pua iko sawa, nikiona ukingo wa mbele umepanda kuliko wa nyuma, nimeinua.

Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, sheria inakutaka utulie kwa mizani nyuma ya alama yako kabla ya kusogea mbele. Kwa kifuniko hilo ni rahisi, kwa kuwa huna haja ya kujirusha nacho. Uzito uanze mguu wa nyuma, uhamie wa mbele, mkono ufuate, kifundo kimalize. Mimi silengi kikapu, nalenga pete moja ya mnyororo, ya katikati, kidogo juu ya kimo cha mkono wangu unaponyooka. Kwa kuwa diski inashuka polepole, haigongi minyororo kwa kishindo, na ikikosa haipiti mbali. Hapo ndipo kinaponilipa: nikikosa na kifuniko, mrusho wa kurudi huwa wa mita mbili tatu. Nikikosa na puta nzito iliyoenda kasi, nimewahi kurudi kutoka mita nane.

Lakini nisikudanganye, upana una kodi yake. Mwanya kati ya ukanda wa juu wa kikapu na ukingo wa chini hauongezeki kwa ajili yako. Diski inayoingia imelala ubavu ina nafasi ndogo ya kupita, na kifuniko hugonga chuma mahali ambapo puta ndogo ingepenya. Kiingize bapa.

Mrusho ninaoupenda zaidi ni wa mita 25 hadi 40 unaopinda kulia kuzunguka mti. Inua upande wa nje wa diski, ule ulio mbali na mwili wako, yaani irushe kwa anihaiza, nyuzi kama ishirini, taratibu. Diski nyingi zitapinda kisha zitajinyoosha na kurudi kushoto. Kifuniko kikishainama kinabaki kimeinama, kinafuata pinde lake mpaka chini na kutua bapa, hakiruki wala kubingirika. Kwa kupinda kushoto, kwa haiza, yaani upande wa nje ukiwa chini, sikitumii: kinaelea mno, na puta ya kawaida inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mrusho wa kiganja kutangulia pia nauacha. Ukingo mwembamba hauvipi vidole viwili pa kukaa, na diski hutoka ikitetemeka kama gurudumu lililolegea.

Kuna upepo. Upepo wa mbele unakinyanyua na kukigeuza kulia kabla ya wakati. Wa nyuma unakikandamiza, kinaanguka kabla ya kufika. Wa ubavuni unategemea unakutana na upande gani: ukipiga tumbo la diski unaipeperusha, ukipiga mgongo unaibamiza chini. Kipimo changu ni kipande cha uzi nilichofunga kwenye mfuko. Kikining'inia au kucheza kidogo, natoa kifuniko. Kikilala mlalo, kifuniko kinabaki ndani, na sijadiliani na mtu.

Mazoezi yangu yanachukua kama robo saa. Naweka diski mita 4 kutoka kikapuni, narusha kumi. Zikiingia nane, narudi nyuma hatua mbili. Zikipungua nane, sisogei, hata ikifika jioni. Kati ya seti na seti narusha chache juu tu, kimo cha mti mdogo, nikitazama kama zinatetemeka. Nikiona mtetemo narudi kwenye kifundo.

Jambo la mwisho ni la mfuko, ambalo hakuna aliyeniambia. Mifuko mingi ya gofu ya diski imeshonwa kwa diski za sentimita 21. Kifuniko cha 23 kinaingia kwa kubanwa, cha 27 hakiingii, na ukikilazimisha kikae kimepinda chini ya jua, plastiki laini inashika umbo hilo. Mimi nilishona mfuko bapa wa nje, zipu juu, upana wa sentimita 29 na kina cha 28, nikauunga kwa mshono mara mbili kwenye mkanda. Kama huna cherehani, kibebe mkononi.